Pete ya Hilja Pelkonen

Sauna ya babu haiwashwi moto siku hizi.
Pale walipoogea wachimba migodi kila Jumamosi,
wakichapana migongo kwa matawi mabichi,
nimeweka beseni la kioo
lenye maji ya buluu, buluu ya kuonya:
usionje, usiguse, mtoto asiingie.

Nje, theluji imefika kizingiti cha dirisha.
Keweenaw ndivyo ilivyo.
Januari ya huku haiishi, huchoka tu.

Hilja alikuja na buti za marehemu mumewe,
mkononi mfuko wa mkate, na ndani ya mfuko
kipande cha bomba la shaba, urefu wa kiganja,
na jiwe.

"Bomba ni la jikoni kwa mama. Nyumba wameibomoa Oktoba.
Jiwe ni la baba. Aliliiba mgodini."
Alitamka *aliliiba*
kama mwingine angetamka *alisali*.

Jiwe lenyewe si la kutazamwa mara mbili:
datolaiti, ngozi chafu ya kiazi kilichosahauliwa shambani.
Ila upande mmoja limepasuka,
na penye ufa pana weupe, pana waridi,
pana nyuzi za shaba, nyembamba
kama mishipa ya kope za mtoto aliyelala.

"Nilikate?" nikauliza. "Nilisugue ling'ae?"
"Baba hakunyoa ndevu hata Jumapili."
Nikaelewa.

Nikafinyanga pete kwa nta, nikalikalisha jiwe,
nikapaka grafaiti palipotakiwa kushika,
nikaacha wazi palipotakiwa kupumua.
Waya mwekundu kwenye bomba.
Waya mweusi kwenye pete.
Umeme kidogo, hata simu ungeidharau,
maana shaba ukiiharakisha huota vipele,
huungua, hutoka nyeusi kama ukoko.

Bandu bandu huisha gogo. Kweli,
lakini methali hiyo imesimama
upande mmoja wa beseni.
Usiku kucha bomba linaliwa,
linakonda, linatoboka, linakuwa wavu,
na ng'ambo, mwendo wa kidole tu,
chembe zilezile zinatua,
zinashikana, zinaupanda ukingo wa jiwe
kama barafu inavyopanda kioo cha dirisha langu.

Nilikaa nayo. Si lazima kukaa, kazi hujifanya.
Nilikaa nikiwaza maji yaliyopita humo:
ya uji, ya kahawa ya alfajiri,
ya kuondoa vumbi la chini ya ardhi kwenye shingo ya mtu,
yale ya kwanza kabisa aliyooshwa Hilja
akapiga kelele.
Bomba halikumbuki. Najua. Ni shaba.
Hata hivyo nilizima redio.

Siku ya pili jioni nikaiopoa,
ya waridi, kama ngozi iliyotoka kuoga.
Jiwe limeshikwa, halikubanwa.
Nikafungua kopo la vanishi,
kwani wateja wote huomba vanishi
shaba isiwatie rangi.

Hilja akanishika kifundo cha mkono.
"Acha."
Akakaa kimya, theluji ikaporomoka paani, kishindo kimoja.
"Baba alirudi na kijani kwenye mikunjo ya vidole.
Mama aliisugua kwa majivu, kwa sabuni, kwa hasira.
Tulimzika nayo."

Akavaa pete. Akanilipa kwa noti zilizokunjwa nne nne,
na mtungi wa jemu ambao sikuuomba.
Kilichobaki cha bomba, ganda la kutoboka-toboka,
alikitia mfukoni mwa koti pamoja na funguo.

Machi, kwenye foleni ya posta,
alivua glavu ya kushoto. Hata salamu hakunipa.
Akaninyooshea kidole:
chini ya pete, pete nyingine,
ya kijani, imeingia ngozini.

Kijana wa dirishani akainama kutazama.
"Unaumwa, bibi?"

"Hapana," akasema Hilja, akilamba stempu.
"Nimerithi."